Mkojo Wetu Ulipimwa Ubelgiji. Nani Atalipia Utafiti wa Sukari Hapa Kolwezi?

Katika mikutano ya vikundi vyetu kuna swali moja linalorudi kila mara: kwa nini ugonjwa wa sukari umeingia nyumba nyingi hivi? Zamani tuliusikia kama ugonjwa wa wakubwa, watu wa mshahara na bia ya kila jioni. Leo unampata mama anayeuza sombe sokoni, mwembamba, ambaye hajawahi kumaliza soda nzima peke yake. Wengine kati yetu wanasema ni mafuta na sukari ya chai. Wengine wanasema ni vumbi la kobalti na wala hawataki kusikia neno lingine. Majibu haya mawili yanasemwa kwa sauti kubwa kuliko ushahidi uliopo, kwa hiyo juma hili tumeamua kueleza ni nini kimeshapimwa katika miili ya watu wa hapa, ni nini bado, na fedha za kupima zinatoka wapi. Hilo la fedha ndilo tutakalokaa nalo zaidi.

Tuanze na kilichopimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, akiwemo Profesa Benoit Nemery, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga ya kusini. Kati yao 179 waliishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini. Zaidi ya nusu ya hao wa karibu walikuwa na kobalti kupita kiwango kinachotumika Marekani kama alama ya tahadhari kwa wafanyakazi wa viwandani. Kwa watoto wa maeneo hayo ilikuwa watoto 87 kwa kila 100. Soma tena, mama: watoto, ambao hawajawahi kuingia kiwandani, walipita alama iliyowekwa kwa watu wazima wanaolipwa kufanya kazi na madini. Watafiti waliandika kwamba hawakuwahi kuona kobalti nyingi namna hiyo katika watu wa kawaida popote duniani. Na haikuwa kobalti peke yake. Arseniki, kadmi, risasi na urani pia zilikuwa juu zaidi kwa wanaoishi karibu na migodi.

Halafu ikaja Kasulo. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2014, kobalti ilipopatikana chini ya viwanja vya nyumba na kartiye nzima ikaanza kuchimbwa, hadi sebuleni. Timu hiyo hiyo ilipima wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, ikawalinganisha na wakazi 25 wa sehemu ya jirani ambayo haikuchimbwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu, na watoto ndio waliozidi. Kwa watoto hao zilionekana pia alama za uharibifu katika DNA, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya chembe za mwili inayobeba maagizo ya namna mwili unavyojengwa.

Inaingiaje? Utafiti mwingine wa 2014 ulifuata njia zake: mboga zinazolimwa kwenye udongo ulioguswa na madini, samaki, maji, na vumbi. Kwa mtu mzima chakula kina sehemu kubwa. Kwa mtoto mdogo anayetambaa na kutia mikono mdomoni, vumbi lina nguvu.

Sasa tuje kwenye sukari. Tafiti hizi zilipima madini. Hazikuwafuata watu hao miaka kumi ili kuona nani alipata sukari, nani tansio, nani figo zilichoka, nani alivimba tezi ya shingo. Kobalti iliyo katika mkojo inaonyesha zaidi kilichoingia mwilini siku chache zilizopita, lakini sukari inajijenga polepole kwa miaka. Ili kuunganisha mambo hayo mawili ni lazima umpime mtu leo, umrudie mwaka ujao, na mwaka unaofuata, ukijua anakula nini, anakaa wapi, mzazi wake alikuwa na sukari au hapana. Kazi hiyo inahitaji fedha za miaka mingi. Fedha za miaka miwili haziwezi kuifanya.

Je, kuna sababu ya kuuliza, au tunajitisha bure? Sababu ipo. Katika vijiji vya kusini-magharibi mwa Taiwan watu walikunywa kwa miaka mingi maji ya visima virefu yenye arseniki, na mwaka 1994 madaktari wa huko walionyesha kwamba sukari ilikuwa nyingi zaidi kwa waliokunywa zaidi. Mwaka 2011 wataalamu walikutanishwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani ili kupima ushahidi wote kuhusu kemikali za mazingira, sukari na unene. Kuhusu arseniki walikubali kwamba pale ambapo maji yana kiasi kikubwa, maikrogramu 150 au zaidi kwa lita moja, ushahidi wa kuihusisha na sukari ni wa kuaminika. Kwa viwango vya chini walisema ushahidi hautoshi. Arseniki inaweza kuzuia mwili kutumia insulini vizuri, ile homoni inayotoka kongosho na kuisukuma sukari ya damu iingie kwenye misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za arseniki kwa lita. Mtaani kwetu ni nani anaweza kukuonyesha karatasi ya kipimo cha kisima chake?

Kobalti nayo ina historia yake. Kiasi kidogo sana mwili unakihitaji, kwa sababu imo ndani ya vitamini B12. Lakini miaka ya 1950 madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa watoto wenye upungufu wa damu dawa ya kobalti, na baadhi yao wakavimba tezi ya shingo. Tezi hiyo ndiyo inayoamua mwili uchome chakula haraka au taratibu. Katika miaka ya 1965 na 1966 huko Quebec, Kanada, watengeneza bia walitia kobalti ili povu lisishuke haraka. Wanywaji wakubwa zaidi ya 40 waliugua moyo na karibu 20 wakafa. Walikuwa watu wanaokunywa sana na kula vibaya, na madaktari waliona kwamba mwili uliokosa protini ulishindwa zaidi kuvumilia. Jambo hilo linatuhusu, kwa kuwa hapa kuna nyumba ambazo bukari inaliwa na mboga peke yake siku nne mfululizo.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa wamama wa Toyama, Japani. Mto Jinzu ulishuka kutoka mgodi wa Kamioka ukibeba kadmi, na maji yake yalimwagilia mashamba ya mpunga. Wanawake, hasa waliopita umri wa kuzaa na waliozaa watoto wengi, walianza kuumwa mifupa hadi ikavunjika kwa kukohoa tu. Figo zao zilikuwa zimeharibika na madini ya mifupa yalikuwa yakitoka na mkojo. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai, maana yake "inauma, inauma". Kwa miaka mingi walisikia maelezo mengine: uzee, lishe mbaya, uchovu wa kazi. Daktari wa huko huko, Hagino Noboru, alikataa maelezo hayo katika miaka ya 1950 na kuelekeza kidole kwenye mgodi, na kwa muda mrefu wengi hawakumsikiliza. Serikali ya Japani iliukubali ugonjwa huo kuwa wa uchafuzi mwaka 1968, na familia zikashinda mahakamani. Kati ya mama wa kwanza kuumwa na siku ya kukubaliwa kwake kuna maisha ya binadamu mzima. Hatusemi kwamba Kolwezi ni Toyama. Tunasema tu kwamba walioambiwa "ni uzazi mwingi na umri" walikuwa wamama, na aliyebadilisha mambo ni daktari aliyekaa nao.

Na mfano mzuri upo pia. Mwaka 2000 huko Araihazar, Bangladesh, Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani na wataalamu wa nchi hiyo walianza kuwafuata watu wazima zaidi ya 11,000 wanaokunywa maji ya visima. Visima vilipimwa kimoja kimoja, watu wakaambiwa kipi salama na kipi siyo, na familia nyingi zikahama kisima. Fedha zilitoka kwenye taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya na mazingira. Fedha hizo zilifanya kazi mbili, kuleta elimu kwa dunia na kumwonyesha mama pampu ya kuacha. Hiyo ndiyo aina ya utafiti tunayoitaka hapa.

Nani amelipa mpaka sasa

Fedha za tafiti za kwetu zimetoka hasa Ubelgiji, na vipimo vya madini vilifanyika huko, kwa mashine ghali zinazoweza kuona sehemu moja katika bilioni. Chukueni utafiti wa Lubumbashi uliotolewa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Ulilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na watoto 108 waliozaliwa wazima, na kati ya wafadhili wake lilikuwemo baraza la vyuo vikuu vya Flanders linaloshughulikia ushirikiano na nchi zinazoendelea. Matokeo yake kila baba angepaswa kuyasoma. Baba mwenye kazi inayohusu madini alihusishwa na uwezekano wa kasoro hizo mara tano na zaidi. Kwa sehemu kubwa, madini yaliyopimwa kwa mama hayakutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Ni wangapi kati yetu tuliona mama analaumiwa na ukoo kwa sababu ya mtoto, huku swali la kazi ya bwana halikuulizwa? Watafiti hao hao wa Lubumbashi walipima pia damu ya wajawazito wenye tansio ya mimba, ile inayoleta kifafa cha uzazi, wakakuta risasi nyingi zaidi kwao kuliko kwa wajawazito wasio nayo.

Tunawashukuru waliolipa. Lakini mfuko ulio mbali unafungwa bila sisi kuulizwa. Mwaka 2025 serikali mpya ya Ubelgiji ilikubaliana kukata robo ya bajeti ya ushirikiano wa maendeleo. Mwezi wa tano wa mwaka huo huo taasisi za taifa za afya za Marekani zilitangaza kusimamisha ruzuku zinazopita kwenye chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wa nchi za nje, mpaka utaratibu mwingine utengenezwe. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyetegemea milango hiyo ameiona ikifungwa katika mwaka mmoja.

Huku kwetu kobalti inatoka. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa ni ya Lualaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inaeleza wazi ushuru unaolipwa kwa madini yanayouzwa: asilimia 3.5 kwa shaba, na 10 kwa kobalti tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati. Katika kila franka 100 za ushuru huo, 50 zinakwenda Kinshasa, 25 kwenye jimbo, 15 kwenye mji, komine, sekta au usultani ambako mgodi upo, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Na ipo hati ya ahadi kati ya kampuni na jamii, ile inayoitwa cahier des charges, yenye orodha ya shule, visima na vituo vya afya.

Ndani ya orodha hizo majengo yanapendwa kuliko vipimo. Tunaelewa. Jengo linapigwa picha na linakatiwa utepe. Chupa ya mkojo haikatiwi utepe. Tena sheria inasema sehemu ya mji na komine ni ya miundombinu ya msingi, na mtu wa ofisi anaweza kutuambia kwamba utafiti si barabara. Jibu letu ni hili: maabara ni nyumba, ina kuta na paa, na mashine iliyofungwa ndani yake inaweza kuhudumia Kolwezi, Fungurume na Likasi badala ya kila chupa kupanda ndege. Kisha sehemu ya 0.3, ambayo ni ya miradi ya jamii, na ile ya jimbo, zinaweza kubeba wauguzi, petroli na miaka kumi ya kuwafuata watu. Kuna anayesema kampuni ikilipa, matokeo yatakuwa ya kampuni. Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana fedha zipite chuo kikuu na kamati yake ya maadili, na matokeo yachapishwe hata yasipompendeza aliyelipa. Tusisubiri pia mwaka wenye neema. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa miezi kadhaa kisha ikaweka viwango, na mauzo yakisimama, ushuru nao unasimama.

Watafiti wakibisha hodi

Siku wakija, mama, usiwafukuze, na usitie sahihi haraka. Uliza nani analipa. Uliza chupa yako itapelekwa wapi na itakaa huko muda gani. Uliza kama utapewa matokeo yako mwenyewe, kwa Kiswahili, na ikiwa sukari ya damu ikionekana juu utaelekezwa wapi siku hiyo hiyo. Una haki ya kukataa, na una haki ya kuacha katikati. Mtafiti mzuri atakuomba unawe mikono kwanza kabla ya kutoa mkojo, kwa sababu vumbi la kidole kimoja linaweza kuharibu kipimo. Akikuharakisha kwenye hilo, mtilie shaka.

Wakati huo nyumba haiwezi kusubiri jarida. Nguo za mchimbaji zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi. Magunia ya madini yasilale chumbani kwa watoto. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu unalirudisha vumbi hewani. Mikono ya mtoto inawiwe kabla ya kila mlo. Lengalenga na matembele vioshwe vizuri. Hiyo inaondoa vumbi la juu, ingawa haitoi kilichonyonywa na mzizi, kwa hiyo asiyelima karibu na mto wa kiwanda ana afadhali. Na kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi madini; maji yakipungua sufuriani, madini yanabaki yote. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mjamzito asioshe madini mtoni, hata kama franka za siku hiyo zinavuta.

Na sukari yenyewe: barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu hawajui kwamba wanao. Kiu isiyoisha, kwenda chooni mara nyingi usiku, kupungua bila sababu, vidonda visivyopona. Hizo zote zinatosha kumpeleka mtu akapimwe tone la damu la kidole. Awe anakaa Kapata au mjini, awe na kobalti au hana, dawa ni zile zile, na anayeziacha kwa kuwa "ni vumbi tu" anajiumiza. Unene, kukaa bila kutembea na ukoo bado vina nguvu yake. Kemikali, zikithibitishwa, zinaongezwa juu ya hivyo.

Chama kimeandaa barua mbili, moja kwa bourgmestre wa Dilala na moja kwa bourgmestre wa Manika. Tunauliza ni kiasi gani cha ushuru wa madini kilifika mwaka uliopita, kilitumika wapi, na kama kuna hata franka moja iliyotengwa kupima maji ya visima na damu ya watu wanaoishi karibu na migodi. Nakala zipo kwa wenyeviti wa vikundi. Kila kikundi kiisome kwa sauti, kirekebishe kinachoona hakikusemwa vizuri, na kilete majina ya wamama watatu watakaokubali kwenda kuipeleka wenyewe, kabla ya mkutano wa Ijumaa ijayo. Wanaojua kusoma hesabu za ofisi wajitaje, tunawahitaji. Na mwenye bwana anayefanya kazi na madini ampe gazeti hili alisome, hasa pale panapozungumzia Lubumbashi.